Mkaguzi wa mitandao atazame matundu kabla ya kadi ya michoro

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka wiki iliyopita kwenye ukurasa wa teknolojia, ile iliyowaelekeza vijana wanaotaka kuingia kazi ya usalama wa mitandao wanunue kompyuta mpakato ya namna gani. Mwandishi aliwashauri wachukue mashine ya gemu: prosesa kubwa, kadi ya michoro yenye nguvu, skrini ya inchi 17. Kuhusu matundu ya pembeni, yale ya kuchomekea nyaya, hakusema neno. Kijana ninayefanya naye kazi aliikata makala hiyo, akaiweka mezani kwangu na kuniuliza, "Dada, kwa hiyo hii yangu niitupe?" Yake ni ThinkPad T480, mashine ya mwaka 2018, nene kidogo, imechubuka kona. Nilimjibu palepale. Lakini wako wengine walioisoma na hawana wa kumuuliza, nami ningesikitika mtu auze mashine nzuri akanunue isiyomfaa.

Mimi nilianza kwa kuvuta waya darini. Baadaye nikawa fundi wa swichi na ruta, vifaa vinavyounganisha kompyuta na mitandao, na huu ni mwaka wa 11 nakagua usalama wa mitandao ya watu, kwa ruhusa yao ya maandishi. Ukiondoa kuandika ripoti, kazi yenyewe ni kuona kinachopita kwenye waya na hewani, kisha kueleza kwa uhakika kilichoonekana na kisichoonekana. Kwa hiyo kompyuta inayopitwa na mambo bila kukuambia ni mbaya kuliko kompyuta inayochelewa. Inayochelewa unaisubiri. Ile nyingine inakufanya uandike uongo ukiamini ni kweli, na hili nalisema kwa sababu lilinipata.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kompyuta nyembamba, kilo moja na ushee, ya kupendeza kuishika. Haikuwa na tundu la waya wa mtandao. Ilikuwa na matundu mawili ya USB-C, basi. Mteja mmoja alikuwa na wasiwasi kwamba kuna data inatoka kwake usiku. Tukaiambia swichi yake iakisi trafiki, yaani itoe nakala ya data inayopita, kwenye tundu moja, nami nikachomeka adapta ya USB niliyoinunua kwa haraka siku hiyohiyo. Boksi liliandikwa gigabiti kwa herufi kubwa. Kumbe upande wa kompyuta ilikuwa USB 2.0, ambayo kwa karatasi haivuki megabiti 480 kwa sekunde, na kwa matumizi halisi haifiki hapo. Upande wa waya ilipatana na swichi kwa megabiti 1,000, taa ikawaka, kila kitu kikaonekana shwari. Ilikuwa kama faneli yenye mdomo mpana na shingo nyembamba. Maji yakija kidogo yanapita. Yakija kwa nguvu yanamwagika.

Na kwenye mtandao ule maji yalikuja kwa nguvu saa saba usiku, wakati seva zikinakili data kwenda kwenye hifadhi. Saa hiyohiyo ndipo kilipotokea tulichokuwa tunakitafuta. Mimi sikukiona. Nilikuwa natumia Wireshark, chombo cha kunasa na kusoma kinachopita kwenye waya, ambacho nilipoingia kazini wakubwa wangu walikuwa bado wanakiita Ethereal, jina lake la kabla ya 2006. Wireshark iliniandikia kwamba pakiti, vile vipande vidogo vya data, zilizodondoka ni sifuri. Haikudanganya. Yenyewe huhesabu zile zilizoifikia kompyuta kisha zikakosa nafasi. Zilizomwagika ndani ya adapta hazikuwahi kufika ili zihesabiwe. Nikaandika kwenye ripoti kwamba hakuna ushahidi wa data kutoka nje, nikaweka saini.

Wiki tatu baadaye nililifungua tena faili lile kwa jambo jingine. Nikaona mistari mingi ambayo Wireshark ilikuwa imeiwekea alama: upande mmoja wa mazungumzo unakiri kupokea kipande ambacho chombo chenyewe hakikukiona. Tafakari hilo kidogo, Mhariri. Mtu akisema "nimepokea" na wewe uliyesimama mlangoni hukuona kitu kikipita, maana yake si kwamba kitu hakikupita. Nikaomba hesabu za swichi za usiku ule, nikazilinganisha na faili langu. Karibu robo ya pakiti hazikuwemo. Tukarudia kazi kwa adapta inayofaa, na usiku wa pili tukakuta kifaa cha kurekodia kamera kikizungumza na anwani ya nje ambayo hakuna mtu pale aliyeitambua. Ilinibidi niende kwa mteja nimwambie kwamba ripoti niliyomkabidhi haikuwa sahihi, na kwa nini. Sijasahau uso wake.

Tangu hapo, mtu akiniuliza kuhusu kompyuta ya kazi hii, naigeuza ubavu kwanza nione matundu.

Tundu la waya wa mtandao likiwa limejengewa ndani, chukua. Kama halipo, basi adapta iwe ya USB 3.0 au zaidi, ambayo kwa karatasi hupitisha gigabiti 5 kwa sekunde, na ujue chipu iliyomo ndani. RTL8153 ya Realtek na AX88179 ya ASIX ni chipu nilizozitumia kwa gigabiti 1 na zikanitosha. Jina lililoandikwa juu ya boksi halikuambii lolote kuhusu hili. Ichomeke kwenye kompyuta yenye Linux, uliza vifaa vya USB vilivyounganishwa, utaonyeshwa chipu na kasi iliyopatikana. Kazi ya dakika moja. Dakika hiyo ingeniokoa na yote niliyokwisha kueleza.

Afadhali zaidi uwe na matundu mawili ya mtandao, moja la ndani na moja la adapta. Sababu ya kwanza ni kwamba waya wa gigabiti 1 hubeba gigabiti 1 kwenda na gigabiti 1 kurudi kwa wakati mmoja. Ukiiambia swichi iakisi pande zote mbili kwenye tundu moja la gigabiti 1, unaiambia imimine ndoo mbili ndani ya ndoo moja. Mtandao ukiwa na shughuli, swichi yenyewe itamwaga kabla hata kompyuta yako haijahusika. Pale inapobidi kuona yote, tunaweka kifaa cha kupasua waya, mafundi wanakiita tapu, chenye njia mbili za kutokea, moja kwa kila upande. Njia mbili zinataka matundu mawili. Sababu ya pili ni ukimya. Tundu la kusikilizia lisiwe na anwani ya IP na lisitamke kitu. Kompyuta ya kawaida ikichomekwa tu huanza kujitangaza, kutafuta printa na kuuliza masasisho, na kelele zake zinaingia kwenye ushahidi wako. Shughuli zako nyingine zipite kwenye tundu la pili.

Kuna jambo dogo ambalo limewapotezea wengi siku nzima: kadi na draiva fulani (programu zinazoendesha kadi hizo), hasa kwenye Windows, huvua lebo za VLAN, yaani makundi ambayo mtandao mmoja hugawanywa, kabla pakiti hazijafika kwenye programu. Unaona pakiti, huoni zilitoka kwenye kundi gani. Mkaguzi anayetafuta kama mtandao wa wageni umevuja kuingia wa uhasibu hawezi kufanya lolote bila lebo hizo. Jaribu kadi yako nyumbani, kwenye swichi yako mwenyewe, kabla ya kwenda kwa mtu.

Kisha diski. Watu hununua diski kubwa kwa ajili ya picha na filamu. Mkaguzi afanye hesabu nyingine. Gigabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 125. Kwa dakika ni gigabaiti 7.5, kwa saa ni 450. Ukinasa waya uliojaa kwa upande mmoja tu, diski ya gigabaiti 512 inajaa baada ya saa moja na dakika chache. Ndiyo maana tunachuja, tunakata mafaili vipande vipande, na yale ya zamani yanafutwa yenyewe. Hata hivyo diski lazima iandike kwa kasi ileile bila kuyumba. Diski hafifu huanza kwa mbio, kisha sehemu yake ya haraka ikijaa hushuka ghafla, na inaposhuka, pakiti zinadondoka tena. Mimi nachukua NVMe, aina ya diski ya kasi, ya terabaiti 1 kwenda juu, iliyo kwenye nafasi yake na inayofunguliwa kwa bisibisi, ili kila mteja mkubwa awe na diski yake. Kazi ikiisha, diski ile haichanganyiki na ya mtu mwingine.

Nisilisahau tundu ambalo halipo tena kwenye kompyuta nyingi mpya, lile la siriali. Swichi ikikosea mipangilio, au fayawoli, kifaa cha kuzuia wasioruhusiwa, ikikufungia nje, njia ya kurudi ndani ni konsoli, tundu la kukiamuru kifaa moja kwa moja kwa waya. Vifaa vingi bado vinatumia ule waya bapa wa bluu mpauko, na kasi ya kuanzia ni biti 9600 kwa sekunde. Skrini ikikuletea herufi za ajabu ajabu, jaribu 115200. Vipya vina tundu la USB kwa kazi hiyo, lakini mitandao ya watu imejaa vya zamani. Kwa hiyo utahitaji waya wa USB kwenda siriali, na hapa tena swali ni chipu. Mwaka 2014 sasisho la draiva za FTDI, kampuni inayotengeneza chipu hizo, kwenye Windows liligeuza kuwa sifuri namba ya utambulisho ya chipu zilizoghushiwa kwa jina lake, na watu wakajikuta na nyaya ambazo kompyuta haizitambui tena. Nina waya mmoja wa chipu halisi, umefungwa utepe mwekundu, na simwazimi mtu.

Sasa hewani. Kadi ya Wi-Fi ya ndani inatosha kwa barua pepe. Ukaguzi unataka mambo mawili: kadi iweze kusikiliza kila kinachopita hewani bila kujiunga na mtandao wowote, na iweze kudunga pakiti, yaani kutuma fremu ulizozitengeneza mwenyewe. Kadi nyingi za ndani zinaweza la kwanza na zinasuasua kwenye la pili. Kwa hiyo tunabeba adapta ya nje yenye antena, ambayo pia unaweza kuisogeza dirishani bila kuhamisha kompyuta nzima.

Chipu iliyofundisha kizazi chetu ni AR9271 ya Atheros. Draiva yake imo ndani ya kiini cha Linux, haisumbui, na bado naipenda. Lakini inasikia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Niliwahi kuletewa ripoti na mkaguzi mwenzangu iliyosema hakuna kituo cha Wi-Fi kisichoruhusiwa ndani ya jengo. Alizunguka ghorofa zote, kwa bidii, na adapta yenye AR9271 mkononi. Kituo kilikuwepo, kwenye gigahezi 5. Alipita mbele yake mara mbili. Ni kosa langu lilelile la usiku wa saa saba, limevaa nguo nyingine. Leo ningesema adapta iwe na MT7612U ya MediaTek kwa gigahezi 2.4 na 5, ambayo draiva yake nayo imo ndani ya kiini. Na mwenye wateja waliokwisha hamia Wi-Fi 6E atafute yenye MT7921AU, inayofika gigahezi 6. Huko gigahezi 6 WPA2, kinga ya zamani ya Wi-Fi, hairuhusiwi kabisa, ni WPA3 (au OWE kwa mitandao isiyo na nywila), kwa hiyo hata maswali unayoyauliza yanabadilika.

Na jihadhari na toleo. Kuna adapta mashuhuri zilizobadilishwa chipu ndani huku jina na umbo vikibaki vilevile. Tofauti ni herufi ndogo ya toleo kwenye kibandiko cha chini. Fundi anasifu ya kwanza, mwanafunzi ananunua ya pili, kisha anadhani hana akili ya kazi hii. Nimewaona wawili waliotaka kuacha masomo kwa sababu hiyo. Mwanafunzi hana kosa.

Nikirudi kwenye mwili wa kompyuta, RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ndiyo ninayoibishania kwa nguvu. Mtu wa kazi hii hubeba maabara nzima kama mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta moja: Kali Linux moja, seva ya Windows moja, kompyuta ya mtumiaji moja, ruta pepe, labda fayawoli. Kila moja inataka gigabaiti zake, 2 kwa hii, 4 kwa ile, 6 kwa nyingine, na kompyuta yenyewe inataka zake za kupumulia. Gigabaiti 8 hazitoshi. 16 ndipo pa kuanzia, 32 unafanya kazi bila kuhesabu. Shida ni kwamba kompyuta nyembamba nyingi zimechomelewa RAM kwenye ubao. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho siku ya mwisho. Tafuta yenye nafasi za kubadilisha. Hapo T480 ya kijana wangu inaishinda mashine mpya nyingi: ina nafasi mbili, betri ya nje inayochomoka, na tundu la waya wa mtandao ubavuni. Kwa anayetaka mpya yenye moyo huohuo, kompyuta za Framework, zilizoanza kuuzwa 2021, zinafunguliwa na mwenyewe, na matundu yake ni vipande vya kuchomeka na kuchomoa, kimojawapo kikiwa cha waya wa mtandao wa gigabiti 2.5.

Wenye Mac watanikasirikia, lakini lazima niseme. Tangu Apple ilipotoa chipu ya M1 mwishoni mwa 2020, kompyuta zake zimekuwa na betri ya kushangaza, na kwa kuandika ripoti sijaona bora zaidi. Ila ni ARM, aina nyingine ya prosesa. Mashine pepe nyingi za mazoezi, na vifaa vingi vya mtandao vya kuigiza, vimetengenezwa kwa prosesa za x86. Kwenye ARM havikimbii moja kwa moja, vinahitaji kuigiziwa prosesa nzima, na mwendo wake unakuwa wa kobe. Mwanafunzi anayeanza atakwama kwenye somo la pili na kudhani amekosea yeye. Kwa kompyuta ya kwanza, x86, iwe Intel au AMD, na uhakikishe kwamba uwezo wa mashine pepe umewashwa kwenye mipangilio ya awali (BIOS), ile inayofunguka kabla ya Windows au Linux. Wakati mwingine unakuja umezimwa.

Sasa hiyo kadi ya michoro. Mwandishi wenu alisema inahitajika kwa kuvunja nywila. Ni kweli kwamba hashcat, programu ya kubahatisha nywila, hufanya kazi kwa kasi kubwa mno kwenye kadi ya michoro kuliko kwenye prosesa. Lakini kazi hiyo huendeshwa saa kumi, siku mbili, wiki. Nani anaiendesha juu ya mapaja? Sisi tuna mashine moja ya kusimama ofisini yenye kadi mbili, inanguruma kwenye chumba chake, tunaingia kutoka mbali kwa SSH, tunaweka kazi, tunafunga kompyuta na kuondoka. Asubuhi tunasoma majibu. Anayeanza hahitaji hata hiyo. Mazoezi ya kawaida prosesa inayaweza. Nguvu unaweza kuiazima kutoka mbali kwa njia ya mtandao. Tundu la waya huwezi kuliazima ukiwa umepiga magoti nyuma ya raki ya seva. Neno moja tu la tahadhari: heshi za nywila za mteja, yaani nywila zilizogeuzwa kuwa msimbo, zisipelekwe kwenye mashine ya kukodi huko mbali bila yeye kujua na kukubali. Ni nywila za watu.

Na mashine ya gemu ina uzito wake. Kilo mbili na nusu, pamoja na chaja kama tofali, begani, ngazi baada ya ngazi. Feni zikipanda, hata kwenye kikao watu wanakugeukia. Betri nayo haiwezi kuwa kubwa kiasi unachotaka: mashirika ya ndege huruhusu hadi wati-saa 100 bila kuomba kibali, kwa hiyo watengenezaji huishia 99 hivi. Mashine inayokula wati 100 ikifanya kazi nzito inamaliza betri hiyo chini ya saa moja. T480 ina betri ya ndani ya wati-saa 24 na ya nje inayoweza kufika 72, na ya nje unaibadilisha kompyuta ikiwa imewaka, kwa sababu ya ndani inashikilia. Nimefanya hivyo katikati ya kunasa pakiti na sikupoteza hata moja.

Kuhusu umeme, hili sijaliona limeandikwa popote: ndani ya raki za seva, mara nyingi soketi zilizopo ni za C13, zile za kuchomekea seva, na kichwa cha chaja yako hakiingii. Beba waya mfupi wenye C14 upande mmoja na C5 au C7 upande wa chaja, kutegemea chaja uliyo nayo. Kisha muulize mwenye chumba kabla hujachomeka, kwa sababu hajui wewe utaongeza nini kwenye mzigo wake. Waya huo ni mwepesi kuliko simu na umeniokoa zaidi ya kitu kingine chochote mkobani.

Skrini iwe inchi 14, isiyong'aa kama kioo. Kibodi uijaribu kwa vidole vyako mwenyewe. Hayo yanatosha.

Lililobaki halihusu vipimo lakini haliwezi kuachwa. Faili la pakiti lina maisha ya watu ndani yake: nani alimwandikia nani, alifungua nini, wakati mwingine nywila iliyopita wazi kwa sababu mfumo wa zamani haukuisimba. Kompyuta inayobeba hayo isimbwe diski nzima, kwa LUKS kwenye Linux au BitLocker kwenye Windows, na mipangilio ya awali iwe na nywila yake. Ukisafiri, izime kabisa, usiilaze. Watafiti wa Princeton walionyesha tangu 2008 kwamba funguo za usimbaji hubaki kwenye RAM kwa muda baada ya umeme kukatika, na kompyuta iliyolala bado inazo zote. Mtu aliyekuruhusu uchungulie mtandao wake amekupa ufunguo wa nyumba. Sikubaliani kabisa na wanaoliweka jambo hili mwishoni mwa orodha kama pambo, na kama nimeliweka mwishoni mimi pia ni kwa sababu bila matundu sahihi hutakuwa na cha kulinda.

Wanaonunua iliyotumika, na ndivyo ninavyowashauri wengi, waende na diski ya USB yenye Linux mfukoni. Waiwashe kompyuta kutoka hapo, mbele ya muuzaji. Waingie kwenye mipangilio ya awali waone kama haijafungwa kwa nywila ya ofisi iliyokuwa na mashine hiyo kabla, kwa maana ikifungwa utakuwa mpangaji kwenye kompyuta yako mwenyewe. Waangalie uwezo wa betri uliobaki na afya ya diski, wachomeke kitu kwenye kila tundu. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anayehitaji Windows ahakikishe prosesa inaikubali Windows 11. Kwa Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu, na TPM 2.0, chipu ya kutunza funguo, iwepo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba makala kama ile ikitoka tena, pawe na picha ya kompyuta kwa ubavu, matundu yaonekane, na mwandishi aseme kila moja ni la nini.

Kijana hakuitupa yake. Tuliifungua jioni ileile, tukatoa gigabaiti 8 zilizokuwemo, tukaweka mbili za 16, tukabadilisha diski. Nilimwazima adapta yangu ya USB 3.0. Juzi nilimtuma peke yake kunasa trafiki ya usiku kwa mteja, ikiwemo saa ya kunakili kwenda kwenye hifadhi. Asubuhi, kabla ya kufungua faili, aliomba kwanza hesabu za swichi, akaziandika kwenye karatasi, kisha akahesabu zilizo kwenye faili na kuziandika chini yake. Namba zililingana hadi tarakimu ya mwisho. Karatasi hiyo ameiambatanisha kwenye ripoti.

Wako,
Mkaguzi wa usalama wa mitandao